UZI: P.T. Usha wa India, na kwa nini nakataa akumbukwe kwa Los Angeles peke yake

Chapa Mguu (mleta uzi):

Wakuu, habari za jioni.

Kila Olimpiki ikikaribia, jina la P.T. Usha linafufuka mitandaoni, na habari ni ileile: yule mkimbiaji wa India aliyekosa shaba Los Angeles 1984 kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Basi, imeishia hapo. Mimi nimeichoka. Mwanamke amekimbia kuanzia 1980 mpaka 2000, kabeba medali 23 za Ubingwa wa Asia, 14 kati yake dhahabu, halafu dunia inamjua kwa ile moja ambayo hakuipata. Kwangu mimi Usha wa kweli ni wa Jakarta 1985. Nitafika huko, lakini lazima tuanze kwao, maana bila kwao huwezi kuelewa chochote.

Jina lake kamili ni Pilavullakandi Thekkeraparambil Usha. Mnaona wenyewe kwa nini watangazaji walishukuru kuishia P.T. Alizaliwa 27 Juni 1964, wilaya ya Kozhikode, jimbo la Kerala, ile pwani ya kusini magharibi ya India. Akakulia Payyoli, mji mdogo wa ufukweni. Utotoni alikuwa wa kuuguaugua, familia ya kawaida tu, lakini shuleni alikuwa anawaacha hata waliomzidi madarasa.

Sasa bahati yake. 1976 serikali ya jimbo la Kerala ilianzisha kitengo cha michezo kwa wasichana pale Kannur: bweni, shule, mazoezi. Usha akachaguliwa, akawa anapewa posho ya rupia 250 kwa mwezi. Huko ndiko alikokutana na O.M. Nambiar, mwanajeshi mstaafu wa Jeshi la Anga aliyegeukia ukocha. Nambiar mwenyewe aliwahi kueleza kilichomvuta mara ya kwanza kumwona kwenye sherehe ya kugawa zawadi shuleni: wembamba wake na namna alivyokuwa anatembea harakaharaka. Angalia hapo. Kocha hajaona mbio bado, kaona binti anatembea tu, akili yake ikaanza kupiga hesabu.

Miaka hiyo viwanja vya tartani, vile vya njia za mpira, vilikuwa vya kuhesabu kwa India nzima. Nambiar alimpeleka kwenye mchanga wa Payyoli. Kukimbia kwenye mchanga laini, kukimbia huku mawimbi yanakupiga miguuni, kurudia tena na tena. Aliyewahi kujaribu anajua: mchanga unakunyang'anya nusu ya kila hatua, ukirudi uwanja mgumu miguu inaruka yenyewe.

1980 akapelekwa Olimpiki ya Moscow, ndiyo kwanza ametimiza miaka 16. Mita 100, sekunde 12.27, wa tano kwenye mchujo wake, kwaheri. Kwa wasiokumbuka, ni Olimpiki hiyohiyo ambayo Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walituletea fedha mbili. Kwa hiyo wakati sisi tunashangilia, yule binti alikuwa kwenye kijiji cha wanamichezo akishangaa shangaa.

Nashusha kidogokidogo, naendelea.

Mzee wa Kijiti:

Siti ya mbele mkuu. Nimeshika chai kabisa.

Bint Kisauni:

Kaka Chapa, umetaja Kozhikode ukapita kama huoni. Hiyo ndiyo Kalikuti ya wazee wetu! Vasco da Gama alitoka Malindi 1498, akapewa nahodha wa kumvusha bahari, akatua Kappad Mei mwaka huohuo, ufuko wa wilaya hiyohiyo ya Usha. Majahazi ya pwani yetu na ya kwao yalikuwa yanapokea pepo zilezile. Haya, endelea na mbio zako.

Chapa Mguu:

Dada yangu umenikumbusha jambo zuri, asante. Sasa twende 1982.

Michezo ya Asia, New Delhi, nyumbani. Usha kachukua fedha mbili, mita 100 na mita 200. Kwenye mita 100 aliyempiga ni Lydia de Vega wa Ufilipino. Shikeni jina hilo. Kwenye 200 akapigwa na Hiromi Isozaki wa Japani. Hapo Nambiar akawa ameona kitu: binti ana mwendo, ila cha pekee zaidi ni kwamba mwendo wake haukatiki mapema. 1983 wakaenda Ubingwa wa Asia pale Kuwait, akajaribu mita 400, dhahabu. Huyo si wa mita 100 tena.

Wakati huohuo ikawa imetangazwa kwamba Los Angeles 1984 kutakuwa na mita 400 kuruka viunzi kwa wanawake kwa mara ya kwanza kabisa kwenye Olimpiki. Kwa wasioujua huo mchezo: viunzi kumi, kila kimoja sentimita 76.2. Kutoka mstari wa kuanzia mpaka kiunzi cha kwanza ni mita 45, baina ya kiunzi na kiunzi mita 35, halafu kutoka cha mwisho mpaka mstari wa kumalizia mita 40. Siri yote ni kuhesabu hatua. Ukikosa hesabu kwenye kiunzi cha nne, utafika cha tano kwa mguu usio wako, unaanza kukatakata hatua, na kila ukikata unapoteza muda. Waganda wanaujua utamu wake tangu John Akii-Bua awashangaze watu Munich 1972 kwa 47.82.

Usha akaingizwa kwenye viunzi mwaka uleule wa Olimpiki. Mwaka uleule! Na India walikuwa na M.D. Valsamma, bingwa wa viunzi wa Michezo ya Asia 1982. Usha akampita.

Nusu fainali pale Los Angeles akashinda. Mwanamke wa kwanza wa India kushinda nusu fainali ya riadha Olimpiki. 8 Agosti 1984, fainali. Wote wameinama, bunduki inalia, kumbe Debbie Flintoff wa Australia kachomoka kabla. Wakarudishwa. Usha amesema mara nyingi kwamba alikuwa ametoka vizuri sana ile mara ya kwanza, na kurudishwa kule kulimvuruga. Mara ya pili akatoka taratibu.

Nawal El Moutawakel wa Morocco akaondoka na mbio zake mapema kabisa: 54.61, dhahabu. Mwafrika huyo jamani, na mwanamke wa kwanza wa Kiarabu kuwa bingwa wa Olimpiki. Mfalme Hassan II akaagiza watoto wa kike waliozaliwa siku hiyo waitwe Nawal. Wa pili Judi Brown wa Marekani, 55.20. Halafu wakafika watatu kwa pamoja: Cristieana Cojocaru wa Romania 55.41, Usha 55.42, Ann-Louise Skoglund wa Sweden 55.43. Tazama zile tarakimu tena. Kwa mwendo waliokuwa nao, sehemu moja ya mia ni kama upana wa kiganja. Cojocaru aliutupa mwili mbele pale mwisho, akarusha kifua kwenye mstari. Usha alifika kama mtu anayekimbia bado.

Watu wanaishia hapo na kulia. Mimi nasema wa nne kwa 55.42, kwenye mchezo aliouanza mwaka uleule, siyo msiba.

Bwana Takwimu:

Mkuu heshima yako, ila hii hadithi ya "alikosa kwa nukta" huwa inaachwa nusu. Los Angeles ilisusiwa na Wasovieti na Wajerumani Mashariki. Rekodi ya dunia ya viunzi ilikuwa imewekwa Juni mwaka huohuo na Margarita Ponomaryova, Msovieti, 53.58. Hakuwepo. Wangekuja wote, Usha yupo fainali kweli? Shaba gani tunaililia?

Mzee wa Kijiti:

Takwimu usituharibie chai.

Chapa Mguu:

Hapana, mwacheni, hoja yake ni nzito na inanisaidia mimi. Ndiyo maana nasema Los Angeles siyo kipimo, si kwa kumdharau wala kwa kumtukuza. Waliokuwepo ndio aliokimbia nao, na wa Sweden na Australia hawakuwa watu wa kubahatisha. Lakini ukitaka kumjua mwanariadha, mtazame siku ambazo kila mtu yupo na yeye ndiye anayewindwa.

Nyamizi:

Samahani wakuu, niliwahi kusikia kwamba alikuwa na njaa kule Los Angeles. Ni kweli au ni maneno ya vijiweni?

Chapa Mguu:

Siyo maneno ya vijiweni, kaeleza mwenyewe miaka ya baadaye. Chakula cha kijiji cha Olimpiki kilikuwa cha Kimarekani, viazi vya kuoka na kuku nusu kuiva, mwili wake haukijui. Hakuna aliyewaambia mapema. Akaishia kula uji wa mchele kwa achari ya embe changa. Anasema nguvu zilimwisha kwenye mita 35 za mwisho. Sasa rudi kwenye hesabu ya viunzi niliyoitoa: mita 40 za mwisho hazina kiunzi, ni nguvu tupu. Pale ndipo Cojocaru alipomkuta.

Mimi hili la uji linaniuma kuliko ile nukta. Kwao uji na achari ni chakula kizuri cha mtu anayekwenda shambani au kuchutama sokoni. Siyo chakula cha wiki nzima ya fainali. Msafara una viongozi wa suti za kutosha, mpishi hakuna.

Mkulima wa Mbozi:

Hapo kwenye viongozi wa suti umetugusa hata wa huku.

Chapa Mguu:

Haha, mkuu tusifike huko, uzi utahamishwa jukwaa.

Sasa JAKARTA. Ubingwa wa Asia, mwishoni mwa Septemba 1985. Usha ana miaka 21. Amejiandikisha mita 100, 200, 400, mita 400 viunzi, na mbio zote mbili za kupokezana vijiti. Michezo sita kwenye siku tano, na ongeza michujo. Wanariadha wa leo akikimbia 100 na 200 tu timu yake inalalamika kuhusu ratiba.

Matokeo: dhahabu mita 100. Dhahabu mita 200 kwa 23.05. Dhahabu mita 400 kwa 52.62. Dhahabu viunzi. Dhahabu vijiti 4x400. Na shaba vijiti 4x100. Dhahabu tano kwenye mashindano mamoja, mtu mmoja.

Nawaomba mfikirie ugumu wake. Mita 100 ni mlipuko: misuli inayotaka kuruka, ukizidisha mazoezi ya mbali unaiua. Mita 400 ni kuvumilia kuungua. Miguu inajaa asidi, mita 80 za mwisho unakimbia kwa ukaidi. Mwili unaofaa moja kwa kawaida haufai nyingine. Ndiyo maana duniani kote ni wachache sana wanaobeba 100 na 400 kwa pamoja katika ngazi ya bara, na viunzi juu yake. Hii inarudi kwa Nambiar na ule mchanga.

Mwaka uliofuata, Michezo ya Asia, Seoul 1986. Dhahabu nne: 200, 400, viunzi, vijiti 4x400. Na fedha mita 100. Nani kampiga? Lydia de Vega tena, 11.53 kwa 11.67. India nzima ilirudi na dhahabu tano kutoka Seoul. Nne ni Usha na wenzake wa vijiti. Ya tano ni ya mwanamieleka Kartar Singh. Nchi ya mamia ya mamilioni ya watu, dhahabu zake zinatoshea kwenye begi la binti mmoja wa Payyoli na bado inabaki nafasi.

Bint Kisauni:

Huyo Lydia alikuwa mwiba wake kweli. Na mimi nasema ni heri alikuwepo. Usha asingekuwa na wa kumkimbiza kwenye 100, asingehamia 400.

Bwana Takwimu:

Jakarta nakubali bila ubishi. Lakini Asia ya wakati huo kwenye mbio fupi za wanawake haikuwa Ulaya. China walikuwa hawajaamka. Tuseme ukweli huo pia.

Chapa Mguu:

Kweli, Takwimu. Ndiyo maana sisemi alikuwa bora duniani. Nasema alikuwa bora barani kwake kwa muda mrefu kuliko kawaida, kwenye michezo mingi kuliko kawaida. Mtu akitawala bara kubwa kuliko yote kwa watu namna ile, sina haja ya kumpunja.

1988 nitapita haraka. Alikwenda Seoul Olimpiki akiwa na kisigino kibovu, akaishia mchujo wa kwanza wa viunzi. Magazeti ya kwao yakamla mzimamzima. Walewale waliomwita malkia. Mwaka uliofuata Ubingwa wa Asia ukafanyika Delhi, akawajibu kwa dhahabu nne na fedha mbili. 1990 Michezo ya Asia, Beijing, fedha tatu, akasema basi. 1991 akaolewa, akapata mtoto wa kiume.

Kisha akarudi! Mumewe akiwa mstari wa mbele kumhimiza. 1994 Michezo ya Asia, Hiroshima, fedha ya vijiti. Na 1998, Ubingwa wa Asia, Fukuoka, mama wa miaka 34: shaba mita 200, shaba mita 400, fedha 4x400, na dhahabu 4x100. Miaka 15 kati ya dhahabu yake ya kwanza ya Asia pale Kuwait na hii ya mwisho. 2000 ndipo akatundika viatu vya misumari.

Nyamizi:

Dhahabu akiwa na mtoto nyumbani. Nampa saluti mama huyu.

Mzee wa Kijiti:

Mkuu, na baada ya hapo? Maana mabingwa wengi wakistaafu tunawakuta kwenye habari za kusikitisha.

Chapa Mguu:

Yeye alikuwa na ajira Shirika la Reli, kule kwao reli ndiyo inayolea wanamichezo wengi. 2002 akafungua shule yake ya riadha, Usha School of Athletics, ndani ya wilaya ya Kozhikode. Anachukua mabinti wadogo, wanalala hapo, wanasoma, wanakimbia. Yaani kile alichopewa yeye Kannur, anakirudia kwa mkono wake.

Matunda yapo. Tintu Luka, binti wa mita 800, 2010 alikimbia 1:59.17 na kuweka rekodi ya taifa, 2014 fedha Michezo ya Asia, 2015 bingwa wa Asia. Lakini medali ya Olimpiki ambayo Usha alisema wazi anaitafuta kupitia wanafunzi wake haijapatikana. Dhahabu ya kwanza ya riadha ya India Olimpiki ilikuja kwa Neeraj Chopra wa mkuki, Tokyo, na huyo hakutoka mikononi mwake.

Mkulima wa Mbozi:

Mbona hujasema kuhusu wale wanamieleka? Usituletee malaika hapa.

Chapa Mguu:

Nilikuwa naelekea huko, mkuu, wala sikimbii. Julai 2022 aliteuliwa kuingia Rajya Sabha, baraza la juu la bunge. Desemba mwaka huo akawa rais wa Chama cha Olimpiki cha India, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Watu walishangilia: hatimaye mtu aliyekula uji na achari anakaa kwenye kiti cha kuamua nani apewe mpishi.

Aprili 2023, wanamieleka wa India, wakiwemo wanawake wenye medali za dunia, walikuwa wameketi barabarani Jantar Mantar, Delhi, wakimtuhumu rais wa shirikisho lao kuwadhalilisha kingono. Usha akatamka kwamba kwenda mtaani ni utovu wa nidhamu na kunachafua jina la India, kwamba wangekuja kwanza kwenye chama. Wanamieleka wakaumia sana, hasa kwa kuwa maneno yametoka kwake. Siku chache baadaye, 3 Mei, akaenda kuwaona palepale walipoketi.

Maoni yangu: alikosea, na kwenda kuwaona hakukufuta. Mwanamke aliyejua ladha ya kutosikilizwa na viongozi alizungumza kama kiongozi wa siku zote. Medali zake hazipungui kwa hilo, ila wasifu wake unapaswa kuandikwa na hilo ndani.

Bint Kisauni:

Mimi sitamhukumu kwa ukali hivyo, kaka. Kile kiti kina watu wengi nyuma yake wanaovuta kamba. Ila nakubali, wale mabinti walitarajia mama, wakapata mwenyekiti.

Bwana Takwimu:

Nyongeza kwa wapenda namba. Ile 55.42 ya Los Angeles ilikaa kama rekodi ya taifa ya India kwa zaidi ya miaka 39. 2 Oktoba 2023, Michezo ya Asia ya Hangzhou, Vithya Ramraj alikimbia mchujo wa viunzi akaandika 55.42. Ileile, nukta kwa nukta. Siku iliyofuata akapata shaba ya fainali kwa 55.68.

Nyamizi:

Unatania! 55.42 kamili?

Bwana Takwimu:

Kamili. Hata mimi nilifikiri ni kosa la uchapaji.

Mzee wa Kijiti:

Na yule Hima Das, mkimbiaji wa India wa siku hizi, mnamweka wapi? Huyo si alimzidi mita 400?

Chapa Mguu:

Kwa saa, alimzidi vizuri tu. 2018 alikuwa bingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 20 pale Tampere, mwezi uliofuata akakimbia 50.79 Michezo ya Asia. Usha hakuwahi kufika huko kwenye 400 isiyo na viunzi. Lakini muulize Hima akimbie 100, 200, 400 na viunzi kwenye siku tano.

Na kuna tofauti nyingine. Nambiar alifariki Agosti 2021, mwaka aliopewa nishani ya Padma Shri, miaka 36 baada ya mwanafunzi wake kupewa ya kwake 1985. Kocha mmoja, binti mmoja, tangu Kannur mpaka Beijing 1990. Wa leo wana kambi za nje ya nchi, wataalamu wa lishe, makocha wa kigeni wanaobadilika kila msimu. Sisemi ni vibaya. Nasema tu ukilinganisha saa, linganisha na viatu.

Mkulima wa Mbozi:

Uzi umeenda shule. Mkuu, tuletee na wa Lydia de Vega basi, huyo anaonekana kasahauliwa kabisa.

Chapa Mguu:

Umesahau kusema pole, alifariki Agosti 2022. Bingwa wa mita 100 wa Michezo ya Asia mara mbili mfululizo, 1982 na 1986, na mara zote Usha yupo wa pili. Nipeni wikendi hii nikusanye, nitaufungulia uzi wake peke yake. Mwenye video za mbio zao mbili azitupie hapa chini, ya Seoul haswa. Nataka tuangalie mita 30 za kwanza, pale ndipo Usha alipokuwa anaachwa.